Hadithi za Kutisha Kutoka Tororo

Asubuhi hii, watu wa Kirewa wakielekea shambani na sokoni, tafakari inamgeukia mzaliwa wa Tororo: Dilman Dila, mwandishi na mtengenezaji wa filamu.

Mwaka 2013 hadithi yake, A Killing in the Sun, iliingia orodha fupi ya Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Mwaka uliofuata Black Letter Media, mchapishaji mdogo wa Afrika Kusini, aliitoa pamoja na nyingine katika mkusanyiko wa jina hilohilo. Humo mna hofu za kale na za kesho, wakiwemo mbu wauaji waliotoka maabara.

Kuuchapisha mkusanyiko huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya shule, na hadithi za kutisha hazipati nafasi kubwa darasani.

Lakini hapa mpakani mwa Uganda na Kenya zimejaa tele. Kuanzia Budama hadi Busia, nani hajasimuliwa habari za wachawi wachezao usiku uani mwa watu?

Kitabu cha Dila kimeonyesha kwamba hofu hizo ni fasihi kamili. Msikilizaji, leo mwombe nyanya yako akusimulie moja, kisha uiandike.