Haki ya Mnyama Asiyefaa Tena

Sisi watu wa pwani twanunua maziwa dukani na nyama buchani, na ni wachache kati yetu wamjuao ng'ombe kwa karibu. Hukumu za haki ya mnyama twazisoma vitabuni kama tusomavyo habari za nchi za mbali. Tulipopata kukaa siku chache katika shamba la ndugu yetu mmoja Muislamu huko Mathira, katika Nyeri, chini ya Mlima Kenya, tuliulizwa suala ambalo tulilijibu vibaya. Twalileta hapa ili wasomaji wetu walitazame pamoja nasi.

Mashamba ya huko ni madogo. Ardhi ilikusanywa na kupimwa katika miaka ya 1950, kisha ikagawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, hata leo jamaa nzima huweza kuishi juu ya eka moja au mbili. Humo mna mikahawa, migomba, mahindi na maharagwe, kuku, mbuzi, na ng'ombe wa gredi wawili watatu. Machunga hapana, ng'ombe husimama zizini mwaka mzima. Mama wa nyumba huamka alfajiri, katika baridi ambayo mtu wa Mombasa haijui, akaenda kukama. Watoto hukata majani ya nepia, marefu mfano wa matete, kabla ya kwenda skuli. Maziwa hupelekwa kando ya barabara kungojea gari la ushirika, na fedha yake ndiyo karo, ndiyo sukari, ndiyo dawa.

Ng'ombe mmoja wa mwenyeji wetu alikuwa amezeeka. Kwa maziwa yake watoto wawili walimaliza skuli. Sasa hashiki mimba tena, na kiwele kimekauka. Mwenyeji wetu alikuwa amekwisha patana bei na mnunuzi wa ng'ombe wa kuchinja, aliyeahidi kuja baada ya wiki tatu. Basi katika kungoja huko, majani mabichi na unga vilikwenda kwa yule anayekamwa, na mkongwe akatupiwa mabua makavu ya mahindi, nayo haba. Usiku tulimsikia akilia. Na mama mzazi wa mwenyeji wetu, mzee wa kutembelea mkongojo, alikuwa akitoka kwa siri kumpelekea majani.

Asubuhi mama yule akatuuliza, "Sheikh, yafaa haya?"

Tulimjibu upesi, kama mtu aliyekwisha jua, kwamba ng'ombe ni mali ya mwenyewe, na kumuuza ni halali, na kumchinja ni halali.

Akatwambia, "Sikuuliza kama yafaa kuchinjwa, mwanangu. Nimeuliza kama yafaa kulala njaa."

Tulinyamaza. Mwanawe akajibu mahali petu, na jibu lake si la kudharauliwa: "Majani hayatoshi, mama. Kila mzigo nimpao huyu namnyima yule anayenilipia karo. Je, mnyama amtangulie mwanangu?"

Hasha, mnyama hamtangulii mtoto. Lakini tulirejea kwa yale tuliyosomeshwa. Imam Nawawi, katika Minhaj inayosomwa katika darsa zetu, asema kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumpa chakula na maji. Akikataa hulazimishwa kumuuza, au kumlisha, au kumchinja ikiwa ni wa kuliwa. Milango ni mitatu. Kumweka na njaa si mmoja wao. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), amehesabu katika haki za wanyama juu ya mwanadamu kulishwa kwao hata wakizeeka au wakaugua kwa namna isiyotarajiwa kuwafaa wenyewe tena.

Kwa nini iwe hivyo? Kama chakula cha ng'ombe kingekuwa ujira wa maziwa, maziwa yakikatika na ujira ungekatika. Bali sababu ni nyingine. Katika hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake ni kwamba alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Tumemfungia mnyama mlango wa riziki yake, basi sisi ndio mlango. Anayemfungia wiki tatu anawiwa wiki tatu, awe na maziwa au asiwe nayo. Haja ya mtoto yafungua mlango wa kuuza; haifungui mlango wa njaa.

Tulimwambia mwenyeji wetu hayo, na kabla yake tulimtaka mama radhi. Akampigia simu mnunuzi, na ng'ombe akachukuliwa siku ya pili kwa bei iliyopungua. Hasara ile ilikuwa ya kweli, na aliibeba yeye, si sisi tuliomfutu. Mama hakutoka nje kutazama. Hapo ndipo tulipokumbuka kuwa aliyeuliza suala lile naye ni mzee asiyekata majani tena.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Katika machinjio mengi ya Kenya anayeshika kisu ni Muislamu, ili nyama iliwe na wote. Na mnyama afikaye hapo, afungwapo akingoja zamu yake, amekuwa katika dhamana yetu. Je, amepewa maji? Kisu kimenolewa? Anachinjwa mbele ya mwenzake anayetazama? Twajibidiisha kuuliza kama nyama ni halali, nasi twafanya vyema. Lakini suala la mama yule wa Mathira lingali palepale, nalo laja kabla ya kisu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kujibu tunaloulizwa, si lile tulilolihifadhi. Amin.