Mgeni Asiye na Mwenyeji

Kiswahili kina maneno kadhaa ya hali ya kuwa mbali na watu, wala hayana maana moja. Faragha huchaguliwa, na mwenye kuichagua hujua kwamba mlango haujafungwa. Khalwa ni ya mwenye ibada. Upweke humkuta mtu hata katikati ya soko. Kisha lipo neno ambalo ni la mahali, nalo ni mahame: pahala palipokaliwa na watu, nao wakahama. Msafiri apitaye kwenye mahame husikia kimya kile kile anachokisikia porini. Sikio halitofautishi. Hutofautisha yule tu anayejua habari za mahali.

Tofauti hiyo inastahili kufikiriwa, maadamu kimya kimekuwa kitu cha kutafutwa kwa gharama. Watu wa miji mikubwa, waliochoshwa na honi na majenereta na simu zisizonyamaza, hutafuta mahali pa kupiga hema ambapo hapana hema jingine. Kutamani hivyo si kosa. Kila umma umekuwa na watu wake waliokimbilia milimani au ufukweni wapate kuisikia nafsi, na asiyewahi kulitamani jambo hilo pengine hajawahi kuchoka sawasawa. Suali ni kimya kipi, na ni cha nani.

Marekani ilikwenda mbali, ikakiandikia kimya sheria. Sheria ya mwaka 1964 juu ya ardhi za nyikani, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, ilitenga tangu siku ya kwanza ekari zaidi ya milioni 9, na miongoni mwa sifa za ardhi hizo ikataja nafasi ya mtu kupata upweke. Ndani yake mwanadamu ameelezwa kuwa ni mgeni asiyebakia. Ni maelezo yenye adabu. Lakini mfasiri akitaka kuyatia katika Kiswahili hukwama, ingawa msamiati anao. Mgeni kwa Kiswahili hawi mgeni peke yake. Huwa ni mgeni wa fulani. Hupiga hodi, husubiri, hukaribishwa, na siku ya tatu, kama methali isemavyo, hupewa jembe. Sheria ile ilimtaja mgeni ikamwacha mwenyeji.

Na mwenyeji alikuwapo. Bonde la Yosemite huko California, ambalo nafasi zake za kupiga hema leo hugombaniwa, liliingiwa na askari wa kujitolea mwaka 1851 ili kuwatoa Ahwahneechee waliokuwa wakiishi humo. Miaka 13 baadaye Rais Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi kwa ajili ya matumizi na burudani ya umma. Umma upi, haikuulizwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki habari ni ya karibu zaidi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti zipo kambi za umma, ambako magari na wapishi wa makampuni hukaa bega kwa bega, na zipo kambi maalumu, zinazokodiwa na kundi moja tu, bila ya bomba wala jirani. Hizi za pili ni ghali zaidi, na kinachouzwa humo ni kutokuwapo kwa wengine. Usiku fisi hupita kando ya hema, simba hunguruma mbali au karibu, na kukicha hapana alama ya mtu ila majivu ya moto wa jana. Mgeni hurudi kwao akasimulia kwamba amelala mahali ambapo dunia haijaguswa.

Imeguswa. Penye mawe makubwa ya Moru, kusini mwa Seronera, upo mwamba uliochorwa ngao za Kimasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na katika mawe hayo hayo lipo jiwe ambalo likigongwa kwa kijiwe hulia kama kengele. Vishimo vilivyolika juu yake ni kazi ya mikono mingi. Wamasai walichunga katika nyanda hizo mpaka walipoondolewa. Kwa waraka uliotiwa saini na baadhi ya wazee wao mwaka 1958, chini ya utawala wa Waingereza, waliiachia Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa ili wao na wanyama wakae pamoja. Mwaka huo huo ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek, iliyoifanya Serengeti ijulikane duniani kote kuwa ni nchi ya wanyama. Kuanzia mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro nao wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali ikisema wanahama kwa hiari, wanaoupinga mpango huo wakikana.

Ni lazima upande wa pili nao usemwe kwa haki. Lau nyanda zile zingeachwa wazi kwa kila jembe na kila barabara, huenda nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozunguka humo kila mwaka wasingekuwa na pa kwenda, na hasara hiyo isingelipika. Tena aliyelala kambini usiku wa jana hakumhamisha mtu mwaka 1959. Pengine hata hakuwa amezaliwa. Kumtwika dhambi hiyo ni kumwonea. Lakini dhambi ni kitu kimoja na deni ni kingine. Anayelala katika nyumba ya kurithi hakuiiba, ila hana ruhusa ya kusema kwamba nyumba haikuwa na mtu. Deni lake la kwanza ni la neno: asiyaite mahame pori. Watasema wengine kwamba neno halimrudishi ng'ombe malishoni. Kweli, halimrudishi. Hata hivyo dai la ardhi tupu ndilo linalotolewa kila inapotakiwa jamii nyingine ihame, na dai hilo hulishwa na masimulizi ya wasafiri wema pengine kuliko amri za watawala.

Visiwani upo ukaaji wa kambi wa namna nyingine, ambao hakuna aliyeuita mapumziko. Wavuvi wa Kojani na kwingineko huenda dago: huacha nyumba zao kwa wiki au miezi, wakafuata samaki, wakalala ufukweni chini ya makuti au tanga. Wakifika kwenye pwani ya watu huonana kwanza na wenyewe wa pale, kwani dago lisilojulikana na wenyeji ni ugomvi. Misali, kisiwa kidogo magharibi mwa Pemba, hakina mji, lakini si kitupu. Wavuvi hupiga dago huko, na husimuliwa kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, maana kimeelekea kibla. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kujenga hoteli. Wavuvi wakaupinga, ukafa. Mwaka 1998 kisiwa kikawekwa chini ya hifadhi, sehemu ya bahari yake ya magharibi ikafungwa, na kwengineko wakaendelea kuvua wao. Haikwenda bila ya mivutano.

Anayevuka kwenda Misali kutafuta kimya atakipata, ila atakikuta kina moshi ndani yake, na ngalawa imepwelewa, na pweza wameanikwa kambani. Hapo yupo wa kupigiwa hodi, ambaye huenda akamkaribisha, na huenda akamwambia kwamba leo pa kulala hapana.