Gari Likifika kwa Fundi, Linapona

Kuna sentensi moja inayoandikwa kwenye karatasi za gereji ambayo inastahili kusomwa kwa makini, kama tunavyosoma mstari mgumu wa riwaya: "Hakuna tatizo lililoonekana." Ukiisoma haraka, inasema gari ni zima. Ukiisoma taratibu, inasema kuna mtu aliangalia, kwa kifaa fulani, kwa dakika kadhaa, na katika dakika hizo hakuona kitu. Usomaji wa kwanza unahusu gari. Wa pili unamhusu aliyeangalia. Katika kuhama kutoka huu kwenda ule, bila mtu kutangaza kwamba amehama, watu huumia.

Kila mwenye gari anaijua hii. Linakuzingua wiki nzima, likifika kwa fundi linapona, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu akamchekea daktari asubuhi. Tunacheka na kurudi nyumbani. Ubovu wa chuma ni mvumilivu: bampa ikipinda inabaki imepinda, fundi akija keshokutwa ataikuta. Ubovu wa umeme hauna subira hiyo. Pini iliyolegea ndani ya soketi inagusa na kuachia. Joto linatanua chuma, baridi inakirudisha. Unyevu unaingia alfajiri, saa nne jua limeshaukausha, na saa nne ndiyo zamu yako ya kuingia gereji.

Gari jipya la leo lina kompyuta kibao: ya injini, ya breki, ya usukani, ya mifuko ya hewa. Nyingi zinaongea zenyewe kwa zenyewe kupitia nyaya mbili tu, mfumo ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Lina kumbukumbu pia. Ndiyo maana fundi wa kisasa hashiki spana kwanza. Anachomeka mashine chini ya usukani na kusoma namba za hitilafu. Lakini kumbukumbu hiyo ina sheria zake. Kwa hitilafu nyingi za injini, taa haiwaki mpaka kosa lionekane katika safari mbili zinazofuatana, na safari kadhaa zikipita bila kosa kurudi, taa inazimika yenyewe. Wahandisi wana sababu nzuri, hawataki kukutisha kwa kila kikohozi cha injini. Hata hivyo ina maana kwamba gari lenyewe limefundishwa kutomwamini shahidi wa mara moja.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu. Alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua gari zero kilometa hapa Dar es Salaam, mji ambao ukisema una gari jipya watu wanakuuliza: jipya la kutoka Japani, au jipya kabisa? Lilikuwa jipya kabisa, bado lina nailoni kwenye viti. Mwezi wa pili, akiingia kiplefti asubuhi, taa zote za dashibodi ziliwaka kama ukumbi wa harusi na usukani ukawa mzito kama umemwagiwa zege. Sekunde tano, labda sita. Kisha kila kitu kikarudi kama hakuna kilichotokea.

Alilipeleka walikomuuzia mara tatu. Mara ya kwanza mashine ilikuwa safi. Mara ya pili walikuta namba chache za umeme kushuka, wakamwambia hizo ni za kawaida, wakazifuta. Mara ya tatu nilikuwepo. Kijana wa mapokezi, kwa adabu zote, shikamoo juu ya shikamoo, akamwambia, "Mama, haya magari ya kisasa yanahitaji kuyazoea tu." Halafu akauliza: "Nyumbani kuna mtu mwingine anayeliendesha?"

Swali hilo lingeweza kuwa la kiufundi. Kwa jinsi alivyonigeukia mimi wakati anauliza, halikuwa. Alikuwa anatafuta shahidi mwingine, mwenye umri mwingine, ambaye neno lake lingeandikika kwenye fomu. Mwanafalsafa Miranda Fricker aliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuhusu aina hii ya dhuluma: mtu kupunguziwa uzito wa ushuhuda wake kwa sababu ya yeye ni nani, kabla hata hajapimwa anasema nini. Shangazi amefanya kazi wodini miaka zaidi ya thelathini. Akisema "huyu mtoto amebadilika", madaktari walikuwa wanainuka kwenye viti. Kufika gereji amekuwa bibi asiyejua gari lake.

Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba slaidi moja safi haimtoi mgonjwa kwenye malaria. Homa ile inakuja na kuondoka. Ukichukua damu leo usione kitu na mgonjwa bado anatetemeka, unarudia kupima. Akanunua daftari, akachora mistari kama chati ya joto: tarehe, saa, mwendo, kiyoyozi kimewashwa au la, mvua, matuta. Baada ya wiki kadhaa daftari likaanza kusema. Ilikuwa mara zote mwendo mdogo, akikata kona, kiyoyozi kikiwaka, muda mfupi baada ya kupita matuta.

Fundi umeme mmoja kijana wa palepale alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akimwita mama na kumuuliza maswali kama mtu anayesikiliza kweli. Aliiweka mashine pembeni akachukua mita. Waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ulikuwa umebanwa juu ya rangi. Bolti ilionekana imekaza lakini chuma hakikuwa kinagusa chuma vizuri. Usukani wa umeme hunywa umeme mwingi pale gari linapotembea polepole na wewe unakata kona. Njia ya kurudishia umeme ikiwa mbovu, volti inashuka na kompyuta ya usukani inajizima ili kujilinda. Msasa, spana, basi. Zile namba zilizofutwa mara ya pili zilikuwa zinasema habari hiyohiyo. Mashine ilishamtolea ushahidi, nao wakaufuta.

Ningeweza kuishia hapa, na wengi mngefurahi: mzee alikuwa sahihi, wataalamu wameaibika. Ila mwisho huo unaturahisishia mno. Unafanya ionekane kwamba shangazi alistahili kusikilizwa kwa sababu bolti ilipatikana. Je, isingepatikana?

Katika karne ya kumi na nane David Hume aliandika kuhusu mkuu mmoja wa India aliyekataa kuamini habari za maji kugeuka barafu. Hume alimtetea. Mtu aliyeishi joto maisha yake yote, alisema, ana haki ya kudai ushahidi mzito kabla ya kukubali jambo lisilofanana na chochote alichowahi kuona. Karne moja baadaye hoja hiyohiyo ilitua kwetu. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alimuuliza kiongozi wake wa safari ni nini kile. Yule akasema hajui, ila anadhani ni baridi. (Jibu bora kuliko mengi niliyowahi kuyapata kwa wataalamu: sijui jina lake, lakini najua linavyohisi.) Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alizikataa kwa miaka. Theluji karibu na ikweta? Hakuna tatizo lililoonekana.

Cooley hakuwa mjinga, wala yule mkuu. Kinachonisumbua kwao ni kwamba walikuwa wanatilia shaka bure, bila gharama. Kama wamekosea, hakuna aliyeganda. Hume anatufundisha kuuliza kipi kina uwezekano mkubwa zaidi, na kwa kisa cha barafu hilo linatosha. Kwenye usukani unaokufa katikati ya kiplefti halitoshi. Pale kuna swali la pili: shaka hii ikiwa na makosa, nani anailipia?

Niwe mkweli kwa mafundi. Shahidi mwaminifu anaweza kukosea vibaya sana. Kati ya 2009 na 2010 Toyota waliita magari mamilioni baada ya malalamiko ya magari kuongeza mwendo yenyewe. Serikali ya Marekani ikawakabidhi wahandisi wa NASA kazi ya kuchunguza, na Februari 2011 ripoti ikatoka: hawakupata kosa la kielektroniki linaloeleza mwendo ule mkubwa, na katika matukio mengi yaliyochunguzwa ilionekana dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Watu hao hawakuwa waongo. Mguu wao uliwadanganya. Fundi anayebadilisha kompyuta nzima kwa kila aliyesema "nilihisi" atafilisi gereji, na atakurudishia gari lenye ubovu uleule.

Lakini ripoti ileile ilisema jambo ambalo wengi waliliruka: kutopatikana kwa kosa si uthibitisho kwamba kosa haliwezi kutokea. Ndiyo sentensi ya gereji, safari hii imeandikwa na mtu anayejua kusoma. Na Oktoba 2013 baraza la mahakama huko Oklahoma, baada ya kusikia wataalamu waliochambua programu ya gari, liliikuta Toyota na hatia ya madai katika ajali ya Camry ya mwaka 2005.

Ukitaka kuona sentensi hiyo ikisomwa vibaya na nchi nzima, angalia Uingereza. Posta ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Hela zilikuwa zinapungua kwenye hesabu, leo zinapungua, kesho hazipungui, na wasimamizi wa vituo walipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao. Sheria ya kule ilikuwa inachukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa mpaka uoneshe vinginevyo, na anayetakiwa kuonesha ni mwenye duka asiye na ufunguo wa kuingia kwenye mfumo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015. Seema Misra alifungwa Novemba 2010 akiwa mjamzito. Mahakama Kuu ilikubali mwezi Desemba 2019 kwamba mfumo ule haukuwa wa kuaminika, na hukumu ya Misra ikafutwa 2021. Wale watu walikuwa na ushuhuda. Posta ndiyo ilikuwa na mashine ya kupimia.

Kwa hiyo naona mzigo wa kutafuta unamwangukia mwenye vifaa, na unakuwa mzito zaidi kadiri hatari inavyomwelekea yule asiye navyo. Hii si kumtaka fundi aamini kila kitu. Anaweza kuandika "mteja anaeleza hivi, sisi hatujaona bado, haya ndiyo tuliyojaribu", asifute namba kabla ya kuzinakili, atikise nyaya, amwagie maji, awashe kiyoyozi, alale na gari siku mbili akiliendesha kwenye matuta. Neno "bado" lina herufi nne na kwenye fomu zile sijawahi kuliona. Kwenye vyumba vya habari nako ni adimu. "Hakuna ushahidi" tunaiandika wakati mwingine baada ya simu mbili ambazo hazikupokelewa.

Siku hizi kuna jibu jipya la gereji: "Likifanya tena, rekodi video." Linasikika la busara. Fikiria maana yake. Mama wa miaka sitini na kitu anaambiwa neno lake halitoshi, arudi barabarani, asubiri usukani ufe tena, na safari hii mkono mmoja uwe kwenye simu.

Siku ile ya tatu, kabla ya daftari na kabla ya yule kijana wa umeme, nilimuuliza msimamizi swali moja: kwa kuwa gari halina tatizo, wiki hii ungempa binti yako alipeleke Morogoro? Alitazama karatasi yake kwa muda. Kisha akaita mtu alete ufunguo wa gari la kuazima, huku akisisitiza kwamba kwa upande wao, kiufundi, hakuna kilichoonekana.