Shura Haikufutwa na Uhud

Hapa Tiwi nina ami yangu ambaye kila tukiitwa kutoa maoni ya bajeti ya kaunti hujibu vilevile: "Waulizeni wenye ilimu. Sisi tutawapoteza tu." Si mjinga. Ameona miradi ikichaguliwa kwa kelele za mkutano, ikafa. Mimi nasomesha watoto chuoni, na jibu langu kwake ni vita vya Uhud.

Mwaka wa 3 Hijria, yaani 625 Miladia, Maquraishi walipoisogelea Madina, Mtume (s.a.w.) alipendelea kubaki mjini na kujihami humo. Wengi, hasa vijana waliokosa vita vya Badr, wakataka kutoka. Akakubali rai yao. Waliuawa Waislamu wapatao 70, Hamza akiwa mmoja wao. Ni kweli kilichogeuza vita ni wapiga mishale kuacha kilima chao, lakini asiyetaka kutoka alikuwa na haki ya kusema, "Si niliwaambia?" Badala yake ikashuka aya ya 159 ya sura ya Aal Imran, ikimwamuru awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kushauriana nao, yaani shura.

Ami, hebu itazame amri hiyo. Mwenye kuteremshiwa wahyi anaambiwa awaulize tena walewale waliokosea. Basi kushauriwa ni haki yao, wapatie au wasipatie.

Kushauriana si kugeni kwetu. Wazee wetu Wadigo walikuwa na ngambi, baraza lao, kayani, nayo ilikuwa ya wazee wa kiume, ingawa urithi ulipita upande wa mama. Katiba ya Kenya ya 2010 imefungua mlango zaidi: kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi, na cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuuwezesha. Mlango huo, hata hivyo, waweza kuwa wa kuchora ukutani. Katika kikao kimoja mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, aliyekaa nyuma kabisa aliomba barafu pale bandarini, maana samaki humharibikia kabla ya adhuhuri. Afisa akaandika. Lakini kitabu cha makadirio alichotugawia kilikuwa kimeshachapwa, na jumla zote chini. Tukatia sahihi fomu ya mahudhurio, tukanywa soda. Sahihi zile ndizo ushahidi kwamba tulishauriwa.

Hiyo siiiti shura. Uhud watu waliulizwa kabla jeshi halijatoka, na rai yao ikaishinda ya kiongozi. Na Hudaybiya, baada ya mkataba na Maquraishi, watu walipogoma kuchinja wanyama wao, aliyempa Mtume ushauri uliofuatwa alikuwa mkewe Ummu Salama, mwanamke mmoja.

Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 28 Februari, makadirio kabla ya 30 Aprili. Kwa hiyo tudai kikao Januari, hesabu zikiwa bado wazi, mama karanga wakae mbele. Nawe ami, tafadhali uje.