Ukweli Haupigiwi Kura

Lori zito likigongana uso kwa uso na gari dogo, lipi hulisukuma lenzake kwa kani kubwa zaidi? Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hujibu: lori. Kanuni ya tatu ya Newton, ambayo wameikariri tangu sekondari, inasema kani hizo ni sawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo. Mmoja akataka kujua: ajibu kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe?

Mwanasaikolojia Jean Piaget asingeshangazwa na swali hilo. Kwake, maarifa hayamiminwi kichwani. Mwanafunzi huyajenga juu ya yale anayoyaamini tayari. Mwanafalsafa Ernst von Glasersfeld alikwenda mbali zaidi: maarifa si picha ya ulimwengu, ila ni maelezo ambayo bado hayajakwama yanapotumika. Hapo ndipo wasiwasi unapoingia. Ikiwa kila mtu hujijengea maarifa, je, kila mtu ana ukweli wake?

Darasa la Mazur lina jibu. Aliacha kuhutubia muda wote. Anatoa swali, kila mmoja anachagua jibu peke yake, kisha anamgeukia jirani mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi kwa hoja. Baadaye wanachagua tena, na mwalimu anafafanua. Kila mmoja anajijengea ufahamu wake, lakini hata darasa zima likichagua lori, kani zitabaki sawa.

Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walionya kwamba asiyejua kitu, akiachwa avumbue bila mwongozo, huelemewa. Onyo hilo lina uzito, ila halimgusi Mazur, kwani swali bado analichagua yeye. Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni ulionyesha kuwa takriban asilimia 34 ya wanafunzi walifeli kwa mihadhara ya kawaida, dhidi ya 22 katika madarasa shirikishi.

Hata hivyo, utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 ulikuta wanafunzi wa madarasa hayo wamejifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza pungufu. Mjenzi, basi, si shahidi mzuri wa ujenzi wake. Watafiti walishauri wahadhiri walieleze jambo hilo mapema katika muhula, kabla wanafunzi hawajakata tamaa.