Damu Ikitoka Huenda Wapi?

Nilipokuwa mtoto kule Ng'ombeni, Kwale, jua likianza kuzama nyuma ya vilima vya Shimba, bibi alikuwa na agizo moja lisilo na majadiliano. Gari usilolijua likisimama kando ya minazi, na aliye ndani akikuita kwa sauti ya upole, kimbia. Usingoje kuuliza ni nani. Ni mumiani. Atakutia garini, atakuning'iniza kichwa chini, na damu itachuruzika ndooni hadi ubaki ganda. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, nikamwuliza: akishaipata, anaifanyia nini? Bibi aliendelea kukuna nazi. Mwishowe akasema, "Yaenda. Hairudi."

Nilidhani hakuwa na jibu. Siku hizi naona kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu, na kwamba mumiani wetu hawezi kueleweka bila hilo.

Wanyonya damu wako kila pembe ya dunia, na wengi wao ni watu wa nyumbani. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisilova huko Serbia, mwanakijiji aliyeitwa Petar Blagojević alishutumiwa kwamba amekufa, akazikwa, kisha akarudi kuwaua majirani zake. Kaburi lilifukuliwa mbele ya ofisa wa dola ya Austria, maiti ikachomwa mti kifuani na kuteketezwa. Bram Stoker alipoandika Dracula mwaka 1897 alimpa mnyonyaji huyo ngome na cheo, lakini kijijini alikuwa jirani tu. Kwa Waewe wa Ghana na Togo, adze huingia nyumbani kama kimulimuli. Ufilipino wanaye manananggal, mwanamke anayejikata kiunoni usiku na kuruka na nusu ya juu. Hawa wote wana meno, mbawa au ulimi mrefu. Zaidi ya yote wana kiu, na kiu ni jambo ambalo kila mwenye koo hulielewa.

Mumiani hana kiu. Hicho ndicho kinachonishangaza kila ninapomfikiria. Hakuna masimulizi niliyokua nayo ambamo mumiani anakunywa hata tone. Ana sare, ana gari, ana ndoo, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Nairobi na Kampala zama za ukoloni waliitwa wazimamoto, kwa kuwa kikosi cha zimamoto kilikuwa na magari mekundu, mipira na watu wenye kukesha. Upande wa Tanganyika ilisikika pia chinjachinja. Majina yote hayo ni ya kazi. Anayekunyonya ametumwa tu, na aliyemtuma yuko mbali, humwoni wala hakujui. Dracula akikuuma, walau anakutazama shingoni. Mumiani anakuhesabu.

Jina lenyewe lilikuja na majahazi. Ni la Kiajemi: mum ni nta, na mumiyai ni lami inayochirizika kwenye miamba, ikiuzwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Johnson ya 1939 inalieleza neno mumiani kama dawa nyeusi mfano wa ulimbo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Msomaji wa Kizungu wa wakati ule bila shaka alitabasamu. Pengine hakujua kwamba neno hilohilo, lilipofika Ulaya kupitia Kiarabu, lilihamia kutoka kwenye lami hadi kwenye maiti za kale za Misri, na kwamba kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hizo, wagonjwa wakaumeza. Kwa hiyo kati ya pwani yetu na Ulaya, waliokula mtu kama dawa wanajulikana, na si sisi. Bibi angefurahi kulisikia hili.

Mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu mwaka 2000, Speaking with Vampires, kilichokusanya masimulizi haya kutoka Afrika Mashariki na Kati. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba tusiulize tu kama wanyonya damu walikuwepo, bali tuwasikilize watu wakiutumia uvumi huo kusema juu ya kazi, mishahara, dawa na utawala wa kigeni. Ni kitabu kizuri, nami nimejifunza mengi kwacho. Lakini wasomi wengine waliomfuata wamefanya jambo rahisi zaidi: wamesema mumiani ni sitiari. Hapo nasita. Bibi hakuwa akinipa sitiari. Aliniambia nikimbie, nami nilikimbia kwa miguu, nikaingia katika mibaazi ya watu. Ukichukua hofu ya mtu, ukabakiza maana yake na kuutupa ukweli wake, nawe pia umebeba ndoo. Ni rahisi mno kusimama leo penye mashimo ya mgodi wa titani wa Kwale, uliofungwa Desemba 2024, na kusema: tazama, huyo ndiye mumiani, ananyonya ardhi. Inasikika vizuri jukwaani. Lakini mchanga si damu, na mtu aliyeogopa kufa hakuwa akizungumzia mchanga.

Basi turudi kwenye damu yenyewe. Kusini mwa pwani yetu kuna matende, na mshipa kwa wanaume, maradhi yaletwayo na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Watoto wa minyoo hiyo wana tabia ya ajabu: mchana hujificha ndani ya mwili, usiku wa manane ndipo hujaa katika mishipa ya juu. Kwa hiyo ukitaka kuwaona kwa hadubini, kwa miaka mingi hapakuwa na njia ila kuitoa damu usiku. Fikiria, basi. Gari linaingia kijijini watu wameshakula. Wageni wanashuka na taa na vioo, wanawaamsha watoto, wanadunga vidole, wanachukua matone, wanaondoka kabla ya alfajiri. Sayansi halali kabisa, yenye nia njema. Na ni masimulizi ya bibi neno kwa neno, isipokuwa ndoo imekuwa kioo.

Tofauti iko wapi? Wingi wa damu? Jibu hilo halinitoshi, kwa maana tone likiibwa limeibwa. Idhini? Hiyo inakaribia, ila aliyeamshwa usiku akaambiwa anyooshe kidole huwa amenyoosha kabla hajaelewa. Nadhani tofauti imo katika neno tulilonalo tangu zamani: amana. Nikikupa sadaka, imetoka kwangu; ukiila au ukiitupa, shauri yako. Nikikuwekea amana, kitu kiko mkononi mwako lakini bado ni changu, na siku yoyote naweza kuja mlangoni kukiulizia. Daktari anayechukua damu huiona kama sadaka. Aliyeitoa ameiweka amana. Katika nafasi kati ya maneno hayo mawili ndipo mumiani alipozaliwa.

Kwa watu wetu, kinachotoka mwilini kina mahali pa kwenda. Nywele za kwa kinyozi zina wanaozikusanya wasizikanyage wapitao. Kitovu huzikwa, na ndiyo sababu mtu husema kitovu chake kiko Tiwi au Waa, akimaanisha huko ndiko kwao. Katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu pale Diani, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na wakati wa kutoka hachukui hata kijiti. Damu iliyo katika chupa yenye namba haina kaburi wala kwao. Yaenda, hairudi.

Hayo yote sikuyasema ili kuutakasa uvumi. Mwaka 1959 kule Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia na askari akauawa. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, Mulanje na Phalombe, watu waliuawa na makundi yaliyowadhania wanyonya damu, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake huko. Na hapa Kwale na jirani zetu Kilifi, wazee wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, mara nyingi nyuma ya shutuma kukiwa na shamba linalotakiwa na aliye kijana. Swali nililomwuliza bibi lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba swali lisilopata wa kulijibu humtafuta wa kumlipisha, na humpata aliye karibu: askari wa zamu, mgeni aliyepotea njia, kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini.

Lakini wapo wanaouliza wakajibiwa. Nina shangazi upande wa Msambweni. Mwaka 2023 watafiti walianza katika kaunti yetu jaribio la dawa iitwayo ivermectin: watu wanaimeza, na mbu anayewanyonya anakufa. Vijiji vingine vilipewa albendazole kwa kulinganisha. Matokeo yalipochapishwa Julai 2025, maambukizi ya malaria kwa watoto wa vijiji vya ivermectin yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26. Shangazi alimeza vidonge vyake, na kabla ya kumeza aliwauliza vijana waliovileta maswali hadi wakaketi chini kwenye mkeka.

Nilimtembelea wiki hiyohiyo aliyovimeza. Tulikuwa barazani magharibi, mbu akatua mkononi mwake. Nikainua kiganja.

"Mwache," akasema. "Mwache anywe. Hii najua yaenda wapi."