Taa ya Onyo na Wajibu wa Asiyejua

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kauli hiyo yamhusu mgonjwa aujuaye ugonjwa wake akaufunika. Lakini yuko mwingine ambaye methali haikumtaja: yule aliyeiona dalili asijue ni ya maradhi gani. Je, asiyefahamu maana ya onyo ana wajibu wowote mbele ya onyo hilo? Swali ni la kale, ila zama zetu zimelipa makao mapya ndani ya gari.

Na tuitazame Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Magari mengi yapitayo huko, kama kwingineko nchini, yalikwisha tumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, kisha yakasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda magharibi. Vitabu vyake vya maelezo, vikiwapo, ni vya Kijapani. Basi tuchukulie kwamba gari la abiria limeshika njia kuelekea Sitalike, kwenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mbele ya dereva imewaka taa ya manjano yenye umbo la injini. Gari linakwenda kama jana. Dereva afanyeje?

Alama hizo zilichorwa kwa picha ili zisihitaji lugha. Hata hivyo, picha nayo ni lugha, na asiyejua maana haambiwi maana. Kwa bahati njema rangi hutangulia kusema. Birika jekundu la oili lina maana kwamba shinikizo la oili limeshuka, na injini inayozunguka pasi na ulainisho yaweza kuharibika katika muda wa dakika chache. Huyo hana budi kusimama papo hapo. Manjano ni mpole zaidi: humtaka dereva aende kwa hadhari na atafute mjuzi mapema.

Mjuzi naye haoni yote. Fundi huchomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani, nacho humpa namba. Tuseme ni P0171. Maana yake ni kwamba hewa iingiayo katika injini imezidi kipimo kinachostahiki petroli iliyopo. Namba imetaja hali, haikutaja sababu. Huenda mpira wa kupitishia hewa umepasuka. Huenda kipima hewa kimechafuka kwa vumbi. Huenda pampu ya petroli imechoka. Fundi anayebadilisha kifaa kwa kuisoma namba peke yake amekuwa kama tabibu anayetibu homa asiulize imetoka wapi. Fundi mwaminifu husema, "Hapa sijajua bado," kisha akaukagua mpira kwa macho na kwa mkono. Neno hilo halimshushi hadhi. Ndilo linalomlinda mwenye gari asinunue asichokihitaji.

Lakini kifaa kile kile kina uwezo mwingine: chaweza kuifuta namba na kuizima taa, hali kasoro imebaki pale pale. Wapo pia wanaoing'oa balbu yenyewe. Hapa ndipo ujinga, ambao si kosa, unapogeuka kuwa hila. Aliyeifuta taa ili auze gari amemwibia mnunuzi haki ya kuuliza. Aliyeifuta ili abebe abiria amewanyamazishia msemaji wao wa pekee, kwani walioketi nyuma hawaioni dashibodi.

Atasema mtu kwamba dereva ni maskini, kipuri chaweza kuwa mbali, na siku asiyofanya kazi ni siku ya njaa nyumbani. Hoja hiyo ni ya haki, wala haifai kubezwa. Ila umaskini humruhusu mtu kuchelewa kutengeneza. Haumruhusu kusema uongo. Asiyeweza kutengeneza leo aweza kuiacha taa iwake, akapunguza mwendo na mzigo, na akamweleza ukweli yeyote atakayelipokea gari baada yake.

Wenye kuyaunda magari waliliona jambo hili. Ufunguo unapozungushwa kabla injini haijawaka, taa hizo za maonyo huwaka zote kwa pamoja, kisha zikazimika moja moja kwa wakati wake. Mnunuzi mwangalifu huzitazama saa hiyo. Taa inayowaka ikazimika yaweza kuaminiwa. Ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: asiyejua hadaiwi ujuzi, anadaiwa amana. Onyo asilolifahamu si mali yake peke yake. Ni salamu iliyopitia mikononi mwake ikienda kwa ajuaye. Wajibu wake ni kuifikisha ikiwa nzima.